Nilivyomwonea wivu wifi yangu kwa sababu ya chupa ya maziwa ya mwanangu

Wakuu, salaam kwenu wote, wa bara na wa pwani.

Mimi humu ni msomaji wa kimya kimya. Jana nimesoma uzi wa mama mmoja anayelalamika kwamba mtoto wake anamtaka dada wa kazi kuliko yeye mwenyewe aliyemzaa. Majibu mliyompa yameniuma. Wengi mmemwambia afukuze tu, dada wapo wengi.

Nikasema leo na mimi niandike yangu. Hakuna nilichoongeza wala nilichopamba. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana Kasulu ni mji mdogo na wifi yangu siku hizi ana simu ya intaneti.

Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2013 nilikuwa mwalimu wa sekondari pale Kasulu, ajira mpya kabisa. Kwetu ni Morogoro. Nilipoona nimepangiwa Kigoma nililia, mama akalia, baba akatafuta ramani. Lakini nilifika, nikazoea baridi la kule juu na vumbi jekundu, na mwisho wa siku nikaolewa huko huko.

Mume wangu ni Muha wa Kibondo. Kazi yake ilikuwa upande wa Makere, kwa hiyo nyumbani alikuwa anaonekana wikiendi tu.

Mungu akatupa mtoto wa kike. Nitamwita Anitha.

Baada ya kujifungua niliumwa sana. Nikalazwa, nikapewa dawa ambazo daktari alisema nisinyonyeshe kwa muda wote nitakaozitumia. Nilipopona na kumweka mtoto kifuani, maziwa yalikuwa yameshakauka. Nilikunywa uji wa karanga, nilikunywa supu, nilikunywa kila nilichoambiwa. Hakuna kitu.

Ikabidi iwe maziwa ya kopo.

Sasa mnajua wenyewe, mwanamke akionekana na chupa badala ya ziwa watu wanawaza ana ugonjwa gani. Nikiwa sokoni mtu ananiuliza, "Mwalimu, mbona hanyonyi?" Namjibu maziwa yamekauka. Anasema, "Aaa."

Hiyo "aaa" nilikuwa narudi nayo nyumbani, naigeuza geuza kichwani mpaka ugali unaungua.

Mimi ni mtu wa kuwaza, wakuu. Chuoni wenzangu walinipa jina la Itakuwaje, kwa sababu kila jambo lazima niulize, je, ikiwa hivi itakuwaje? Basi nikapewa mtoto wa chupa, katika nyumba isiyo na friji. Fikirieni wenyewe.

Nilisoma kila kitu kuhusu maziwa ya kopo. Bando zote ziliishia huko. Nikajiwekea utaratibu wangu. Chupa na chuchu zake zioshwe kwa brashi na sabuni, zichemshwe kwenye sufuria yao ambayo haipikiwi kitu kingine, zitolewe kwa koleo, zisifutwe na kitambaa. Maji ya kunywa ya mtoto yachemke hasa. Maji yatangulie kwenye chupa, unga ufuate, kijiko kisawazishwe kwa mgongo wa kisu safi, kisishindiliwe. Akibakiza, yamwagwe. Hakuna kumtunzia kiporo mtoto.

Likizo ya uzazi ilipoelekea ukingoni, mama mkwe akamleta wifi yangu kutoka Kibondo aje anisaidie. Nitamwita Skola. Ni mdogo wa mume wangu, hajaolewa wakati huo, mcheshi, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Aliposhuka kwenye basi na kikapu cha maharage alimchukua Anitha mikononi mwangu kabla hata hajanisalimia.

"Ee umwana wacu! Njoo kwa masenge."

Umwana wacu ni mtoto wetu kwa Kiha, na masenge ni shangazi. Anitha akamwangalia, akacheka.

Mimi nilikuwa sijawahi kumwona anacheka vile.

Hapo ndipo ilipoanza.

Nikamfundisha Skola utaratibu wa chupa. Alikuwa anaelewa haraka, lakini kitu kimoja kilimshinda, kumwaga. Siku ya kwanza aliponiona namwaga maziwa yaliyobaki pale nje karibu na mchicha alishika kichwa.

"Wifi! Unamwaga maziwa chini?"

Nikamweleza kuhusu bakteria. Akasikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema kwao maziwa hayamwagwi, ng'ombe aliyeyatoa anaweza kukauka. Nikamwambia haya ni ya kopo, ng'ombe wake yuko Ulaya huko.

"Kwani wa Ulaya si ng'ombe?"

Nikaenda kuosha chupa.

Siku chache baadaye nilirudi kuchukua kitabu nilichosahau, nikamkuta jikoni anakunywa maziwa ya mwanangu kwa kikombe. Roho ilinilipuka. Kopo lile mnajua bei yake. Kumbe alikuwa anakunywa masalio, yale ambayo Anitha kabakiza, ili yasimwagwe. Aliniambia bila hata kuona aibu, "Nimesema bora yaende tumboni kwangu kuliko chini."

Nilimruhusu. Lakini moyoni nikasema huyu sasa anakunywa mpaka mabaki ya mwanangu, watakuwa wanafanana harufu ya mdomo.

Ndiyo, nilikuwa nawaza mambo kama hayo.

Suala la kutunza maziwa nalo lilikuwa na historia yake. Nikiwa shule nilitaka kila chupa iwe nimeitengeneza mimi, kwa mkono wangu. Niseme kabisa, si kwamba nilikuwa simwamini Skola. Nilitaka tu kile anachokunywa mwanangu kiwe kimetoka kwangu, hata kama si kifuani.

Jirani yetu alikuwa na duka. Mzee wa Kiislamu, kwao asili ni Tanga, tulimwita Baba Nasra. Alikuwa na friji ya soda. Nikamwomba nafasi kidogo. Kila asubuhi natengeneza chupa, nazipoza haraka kwenye beseni la maji baridi, nazibandika karatasi niliyoandika saa, nampelekea. Skola anachukua moja moja, anaipasha kwa kuisimamisha kwenye maji ya moto.

Baba Nasra aliniambia, "Mwalimu, kuna mteja leo kaulizia hii soda nyeupe bei gani."

Ilikwenda vizuri mpaka umeme wa Kasulu ulipoanza tabia zake. Unakatika, unarudi, unakatika, hujui chupa imekaa na joto kwa muda gani. Mzee mwenyewe ndiye aliyenirudishia. "Soda ya moto nitauza na watu watanung'unika tu. Maziwa ya mtoto siwezi kuyabeba shingoni, binti yangu."

Skola akasema basi tuyakoroge asubuhi tuyaweke kwenye chupa ya chai, yatakaa na moto kama uji. Nikakataa katakata. Maziwa yenye vuguvugu ndani ya chupa ya chai ni kufuga wadudu. Hilo nawaambia na nyinyi pia mnaosoma, kwa sababu nimeona nyumba nyingi zinafanya hivyo. Kwenye chupa ya chai weka maji yaliyochemka peke yake. Unga upime mkavu kwenye vikopo safi vyenye mfuniko. Mtoto akilia, hapo hapo ndipo unachanganya, unapoza, unadondoshea kwenye mkono kuona joto, unampa.

Lakini maana yake sasa ni kwamba mwenye kuchanganya ni Skola. Mimi nabaki mtu wa kupima unga.

Na Anitha kwa Skola alikuwa anakunywa. Wakuu, alikuwa anakunywa! Mkono mmoja umeshika kidole cha shangazi, macho yamefumba nusu, chupa inatoa ule mlio wa vipovu.

Kwangu sasa. Narudi kutoka shule, najua nina chaki, nina vumbi, nimeshikana mikono na nusu ya Kasulu. Naoga kwanza kwa ile sabuni nyekundu ya dawa, nasugua mpaka viwiko. Navaa gauni lililopigwa pasi. Nakaa, nampokea, nampa chupa.

Anageuza uso. Namfuata, anageukia huku. Analia. Anaunyoosha mwili kama ubao.

Skola anasimama mlangoni, anacheka kidogo. "Wifi, umemshika kama karatasi ya mtihani. Mlegezee."

Namlegezea. Analia zaidi. Mwisho Skola anamchukua, na kabla sijaketi vizuri nasikia vile vipovu.

Usiku, ajabu, alikuwa anakunywa kwangu bila shida. Nikajua ni usingizi tu, hajui ni nani anampa.

Nilianza kuchunguza. Labda anatia sukari. Nikaonja, hakuna sukari. Labda ametoboa chuchu tundu kubwa. Nikaipima kwa kudondosha, ni tundu lile lile. Labda ananisema vibaya kwa Kiha na mtoto ameshaanza kuelewa. Hilo msinicheke.

Halafu nikagundua jambo la kitenge.

Nilikuwa na kitenge changu cha kijani chenye maua ya njano. Ndicho nilichokuwa najifunga usiku nikilala na mwanangu. Asubuhi nakiacha kitandani. Nikawa nikirudi mchana namkuta Skola kajifunga hicho hicho, mtoto yuko ndani yake, chupa mdomoni.

Mara ya kwanza nilipita kama sijaona. Mara ya pili nikamwambia, "Wifi, si una vitenge vyako?"

"Ego, ninavyo," akasema, yaani ndiyo. "Hiki ni kilaini."

Kesho yake kakivaa tena.

Wakuu, kitenge kile ndicho kilichonimaliza. Mtoto kachukua, kicheko chake kachukua, mabaki ya maziwa anakunywa, sasa anavaa nguo yangu ya kulalia. Nilikuwa darasani nafundisha huku kichwani naona mwanangu anakua, anaulizwa mama yako nani, anaonyesha kidole kwa Skola. Nilifika mahali nikawa nawaonea wivu hata wanafunzi wangu waliokuja na habari, "Mwalimu, tumemwona Anitha dukani anacheka." Mimi hanichekei, nyinyi anawachekea!

Mume wangu aliporudi Ijumaa nikamwambia dada yake arudi Kibondo.

"Amefanya nini?"

Nikatafuta neno. Hakuna lililosikika vizuri. Nikasema amechoka, anamkumbuka mama yake.

Alinitazama sana. "Na wewe kazini utaendaje?"

Nikasema nitatafuta mtu. Sikuwa na mtu. Nilikuwa tayari kuacha kazi niliyosomea miaka yote ile, ilimradi chupa ishikwe na mimi.

Skola alipoambiwa hakubisha. Alienda kuulizia basi la Jumapili, akarudi, akaanza kukunja nguo zake. Kile kicheko chake hatukukisikia tena jioni ile.

Jumamosi asubuhi nikaamka na nguvu za ajabu. Nikasema nyumba hii leo itanukia mimi. Nikatoa kila kitu nje. Mashuka, foronya, chandarua, taulo, nguo za mtoto, na kile kitenge cha kijani, nikakiweka cha kwanza kabisa. Nikaviloweka vyote kwenye maji ya moto na dawa ya kuua wadudu, nikafua, nikasuuza, nikafua tena. Kamba ilijaa. Nikaona fahari.

Anitha alipoanza kulia njaa nilikuwa bado nafua. Skola akachanganya maziwa, akakaa naye.

Mtoto akakataa.

Nikasikia, nikaendelea kufua. Naomba mniamini, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni kilikuwa furaha. Nikasema leo na wewe onja.

Skola akayamwaga mwenyewe, hata hakuyanywa, akachanganya mengine. Akakataa. Baba yake akajaribu, akakataa. Nikanawa kwa sabuni ya dawa, nikabadilisha gauni, nikamchukua, ndiyo kwanza akapiga kelele mpaka Baba Nasra akatoka dukani kuuliza kuna nini.

Ikawa adhuhuri. Ikawa alasiri. Mtoto hajaweka kitu tumboni tangu alfajiri. Sauti yake ikaanza kukauka, akawa analia bila nguvu, midomo imekuwa mikavu. Ile furaha ya kijinga ilishaniishia zamani. Mimi wa itakuwaje, siku hiyo sikuuliza kitu. Nikavaa tena gauni la kufulia, nikarudi kwenye beseni kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi, nikawa nafua vitu ambavyo ni safi. Mume wangu akaenda kutafuta bodaboda tumpeleke hospitali.

Skola akatoka nje na mtoto begani. Akaangalia kamba. Akaona kitenge.

"Wifi, umekifua?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari kwa ugomvi.

Akakaa chini kwenye kizingiti. "Sasa tumekwisha."

"Tumekwishaje?"

"Yule hanywi kwa sababu yangu mimi. Siku ile ya kwanza uliporudi kazini alinigomea mpaka nikalia. Nikaokota kitenge chako kitandani nijifute machozi, akanyamaza. Nikajifunga, akanywa. Tangu hapo nikikivua tu, hanitaki." Akamtikisa mtoto taratibu. "Anatafuta harufu yako. Mimi ni mti tu wa kutundikia kitenge."

Nikamuuliza mbona hukuniambia.

Hapo akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maji. "Ningekuambiaje? Nilitaka anipende mimi. Kila siku namlea, namwosha, namwimbia, halafu chakula mpaka nijifanye wewe. Na wewe huna hata habari, unapita hapo na sabuni yako. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka usingizi hauji."

Wakuu, nilikosa pa kuangalia. Kumbe kila mmoja alikuwa amekaa upande wake wa ukuta anamwonea mwenzake wivu, na katikati kuna mtoto anayenusa.

Na sabuni yangu ndiyo iliyokuwa inanifuta kila jioni. Usiku alikuwa ananijua vizuri kabisa. Mchana alikuwa anapewa mgeni anayenuka zahanati.

"Basi njoo wewe," Skola akasema. "Na usioge!"

Nilikuwa nimelowa jasho tangu asubuhi, kwapa zote. Nilisuuza mikono kwa maji matupu yaliyochemshwa. Nikakaa pale pale kwenye kizingiti na gauni langu la kufulia, nikampokea, nikamlaza hapa shingoni. Akalia kidogo. Kisha nikasikia pua yake inahangaika kwenye ngozi yangu.

Skola alikuwa jikoni. Nilimsikia anafungua chupa ya chai, anamimina maji, anasawazisha kijiko kwa kisu kama nilivyomfundisha. Akanidondoshea tone kwenye mkono, likawa la joto sawasawa. Akanipa.

Vipovu.

Alikunywa chupa nzima bila kubakiza. Mume wangu alirudi na bodaboda akatukuta tumekaa wote watatu kizingitini, akamlipa yule kijana kwa usumbufu, akaingia ndani bila kuuliza. Ni mtu mwenye busara yule.

Skola alikuwa anamwangalia Anitha ananywa. Akasema polepole, "Hajabakiza hata kidogo. Leo nitashinda na njaa."

Tukacheka mpaka mtoto akashtuka.

Basi la Jumapili liliondoka bila yeye.

Tangu siku hiyo tukabadilisha mambo. Nikirudi kazini nanawa mikono vizuri kwa sabuni ya kawaida, basi. Sabuni nyekundu ilihamia kwenye kuoshea sakafu. Kitenge kikawa cha wote wawili, mimi nalala nacho, yeye anashinda nacho. Mengine ya chupa sikulegeza hata moja, na Skola alikuwa mkali kuliko mimi. Mama mkwe alipokuja kututembelea akataka kumpa mtoto maziwa yaliyopoa ya tangu asubuhi, ni Skola aliyemnyang'anya. "Oya mama," yaani hapana, "hayo ni yangu," akayanywa.

Sasa somo, maana najua mnasubiri.

Yule mama wa jana, kabla hujamfukuza huyo dada, kaa naye chini umuulize mtoto anakunywaje kwake. Muulize kwa upole, siyo kwa kumhoji. Huenda na yeye ana yake moyoni. Na usafi wa chupa usiuache, lakini mwili wako usiuchemshe pamoja na chuchu.

Sijasema wivu uliisha. Wivu wangu mimi ni wa kudumu.

Mwaka huu Skola ameolewa, yuko Kibondo kwa mume wake. Kitenge cha kijani aliniomba, nikampa, alisema atakitumia kwa wa kwake. Anitha sasa anatembea, anakula ugali na samaki wa migebuka, chupa tulishaziacha. Lakini wiki ile Skola alipoondoka hakulala. Alikuwa anasimama mlangoni anaita masenge, masenge, mpaka anakohoa.

Skola nilipompigia simu hakushangaa. Akasema, "Angalia chini ya godoro langu."

Nikakuta kanga yake moja, ile aliyokuwa anapikia. Inanukia moshi wa mkaa, mafuta ya kujipaka na maharage.

Kila jioni najifunga kanga hiyo, Anitha ananilalia kifuani na kusinzia, na mimi najua kabisa anayemtafuta siyo mimi. Roho inaniuma kila siku.

Sijaifua.

Haya, mliolea watoto wa chupa, na mlioachiwa watoto wa wenzenu, uwanja ni wenu. Wa kunicheka acheke, ila anijibu na hili pia: harufu ya kanga hukaa muda gani kabla haijaisha?